Handel kwa wapulizaji wa mwaka wa kwanza: nini ukate, nini usiguse

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza bendi ya wanafunzi 36 ambao wengi wao wamepuliza kwa mwaka mmoja tu: fluti 6, klarineti 9, saksafoni alto 5 na tenori 1, tarumbeta 6, honi za Kifaransa 2, tromboni 3, tuba 1 na wapiga ngoma 3. Nilitamani waonje muziki wa Baroko, nikachukua "La Réjouissance" ya Handel, ile ya muziki wa fataki, nikaigawa kutoka nota za okestra kama ilivyo, katika ufunguo wake wa D. Zoezi la kwanza tulifika kipimo cha nne tukasimama. Klarineti walinitazama kana kwamba nimewatukana. Je, nibadilishe ufunguo? Sehemu za violini nimpe nani? Na nikianza kukata nota, si nitakuwa nimemharibu Handel?

JIBU: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililokufunga mikono katika hayo mawili mengine.

Unaogopa kumharibu Handel. Basi tumtazame Handel mwenyewe alifanya nini. Muziki huo ulipigwa Green Park, London, tarehe 27 Aprili 1749, kusherehekea amani iliyotiwa saini mwaka uliotangulia. Mfalme George II alitaka ala za kijeshi, hakutaka fidla. Kwa hiyo Handel aliandika kwa obo 24, basuni 12, tarumbeta 9, honi 9 na jozi tatu za timpani. Baadaye, muziki ulipohamia ukumbini, aliongeza ala za nyuzi: violini zikafuata mistari ya obo, chelo na besi za nyuzi zikafuata basuni. Umeona? Hizo sehemu za violini zinazokunyima usingizi zilipandikizwa juu ya muziki wa kupuliza. Unachofanya wewe ni kuurudisha ulikotoka.

Na Handel hakuwa peke yake. Bach alichukua konseto ya Vivaldi ya violini nne, ya ufunguo wa B-maina, akaifanya ya hapsikodi nne (vinanda vya zamani vya nyuzi) katika A-maina. Konseto yake mwenyewe ya violini katika E-meja aliigeuza ya hapsikodi katika D-meja, kwa sababu violini ilipanda hadi E ya juu ambayo kinanda hakikuwa nayo, kilikomea D. Hakuandika barua ya kuomba radhi. Alishusha ufunguo kwa toni moja, akarekebisha mkono wa kushoto, akaendelea na kazi. Mpangaji wa zama zile alianza kwa kuuliza ala aliyonayo inafika wapi, kisha ndipo akafungua kalamu.

Kuna jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Muziki wa Baroko, takriban tangu 1600 hadi 1750, uliandikwa kwa kingo mbili: melodia juu, besi chini. Katikati mara nyingi paliachwa wazi. Mtunzi aliandika mstari wa besi na kuweka tarakimu ndogo juu au chini yake, na mpiga hapsikodi akajaza mwenyewe kwa vidole vyake, usiku mmoja hivi, usiku mwingine vile. Kwa hiyo ukiniuliza nini kisiguswe, nitakujibu: melodia, besi, na mwendo wa densi. Ukitunza hivyo vitatu, mtu yeyote anayemjua Handel atamtambua ndani ya kipimo kimoja. Ufunguo, idadi ya nota, sauti za katikati, nani anapuliza nini: hiyo ni mali yako, na uliachiwa na watunzi wenyewe.

Sasa ufunguo. Ndiyo, badilisha, na usijute. D-meja ilichaguliwa kwa ajili ya tarumbeta. Tarumbeta ya Handel haikuwa na vali. Ilikuwa bomba refu linalotoa nota zake za asili tu, na bomba lililotumika sana lilikuwa la D. Alichagua ufunguo uliowafaa wapulizaji wake. Wapulizaji wako wanafaidika na ufunguo mwingine kabisa. Hebu piga hesabu uone ulichowafanyia. Klarineti, tarumbeta na saksafoni tenori ni ala za B-flati, zinasoma toni moja juu ya sauti halisi. D yako imewaangukia kama E-meja, shapu nne. Saksafoni alto, ambayo ni ala ya E-flati, imepata B-meja, shapu tano. Honi imepata A-meja, shapu tatu. Mtoto wa mwaka mmoja ukimpa shapu tano, hata nota ya pigo moja inakuwa mtihani.

Hamisha kila kitu hadi B-flati meja. Klarineti na tarumbeta watasoma C bila alama yoyote, alto watasoma G yenye shapu moja, honi watasoma F yenye flati moja. Fluti, tromboni na tuba watakuwa na flati mbili ambazo wamezizoea tangu wiki ya kwanza, maana karibu vitabu vyote vya kufundishia bendi huanzia hapo hapo: B-flati, C, D, E-flati, F.

Utajaribiwa kuchagua E-flati meja badala yake, kwa kuwa iko nusu toni tu kutoka D na inaonekana "karibu zaidi na Handel". Usidanganyike. Kwanza, ukaribu huo ni wa karatasi tu: vikundi vingi vya leo vinavyopiga ala za kale hutyuni A kwenye hezi 415 badala ya 440, karibu nusu toni chini, kwa hiyo hata D yao siyo D ya piano yako. Pili, fikiria klarineti. Melodia inayotembea kati ya D na A ikipandishwa nusu toni inatembea kati ya E-flati na B-flati. Kwa klarineti hiyo ni F hadi C kwenye karatasi, na katikati ya safari hiyo ndipo penye kivuko chao: wanapotoka A na B-flati za koo la ala, ambapo vidole karibu vyote viko hewani, kwenda B inayotaka karibu matundu yote yafunikwe kwa mara moja. Mwanafunzi wa mwaka mmoja akivuka hapo mara moja kwa wimbo ni sawa. Akivuka mara mbili kwa kila kipimo, utasikia milio ambayo hata bata hawaijui.

Kwenye B-flati, mwendo ule ule wa D hadi A unatua B-flati hadi F. Hizo ndizo nota tano za mwanzo. Klarineti wako chini ya kivuko, wanasoma C hadi G. Tarumbeta nao C hadi G. Alto wanasoma G hadi D, eneo lao tamu kuliko yote. Bei unayolipa ni oktava: tarumbeta itashuka kutoka mahali Handel alipoiweka. Kwenye bomba lisilo na vali nota za chini zimeachana sana, na ngazi ya nota zinazofuatana huanza kupatikana kutoka nota ya nane ya mfululizo wa nota hizo za asili kwenda juu. Ndiyo maana melodia za tarumbeta za Baroko zinaishi darini. Wako hawawezi kuishi darini bado. Washushe, kisha wape fluti melodia hiyo hiyo oktava moja juu ili mng'aro usipotee. Fluti sita zikipuliza B-flati hadi F ya mistari ya juu, juu ya tarumbeta zilizo chini, masikio yatasikia mwanga ule ule.

Nota zitakazochomoza nje ya hizo tano zitazame moja moja. Melodia ikishuka hadi A ya chini ya Handel, kwako ni F, na tarumbeta itasoma G iliyo chini ya mistari: inapatikana kwa vali mbili, lakini kwa wanaoanza hutoka dhaifu na haikai kwenye tyuni. Iache kwa klarineti, au irushe oktava juu kwa tarumbeta. Vipande vya densi vya zama hizo mara nyingi pia huegemea ufunguo wa tano (kwako F) vikifika katikati, na hapo utahitaji E isiyo na flati. Usiifute! Ndiyo inayofungua dirisha. Wafundishe siku moja kabla: klarineti na tarumbeta wataiona kama F-shapu, alto kama C-shapu. Tarumbeta ni vali moja ya pili tu.

Kabla ya kugawa chochote, andika mchoro wa mistari miwili: melodia na besi, basi, katika sauti halisi, kwa wimbo mzima. Upige kwenye piano. Kama haupendezi kwa mistari miwili, hautapendeza kwa kumi na miwili. Watu wengi hufungua programu ya nota, wakabandika okestra yote, wakabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, wakadhani kazi imeisha. Programu inajua kuhesabu toni. Haijui kivuko cha klarineti kilipo, wala haijui tromboni ina mkono wa kunyoosha.

Hapo kwenye tromboni ndipo besi inapotaka akili. Besi ya Baroko haitulii. Inatembea nusu pigo, nusu pigo, kama mtu anayeshuka ngazi akiongea. Chukua mfano niliouunda tu, wa mapigo manne: B-flati, A, G, F, E-flati, D, C, F, kisha B-flati ya chini kwenye kipimo kinachofuata. Kila nota ni nusu pigo. Kwa tromboni, mikao ya mkono ni ya 1, 2, 4, 1, 3, 4, 6, 1. Hiyo safari ya kutoka C mkao wa sita hadi F mkao wa kwanza ndani ya nusu pigo itamwacha mtoto wa watu njiani. Unahitaji mifupa tu, nota moja kwa kila pigo.

Kosa la kawaida ni kuchukua kila nota ya pili kimashine. Ukifanya hivyo hapa unapata B-flati, G, E-flati, C, halafu B-flati. Inasikika sawa kwenye karatasi, lakini umetupa F, na F ndiyo iliyokuwa inausukuma muziki urudi nyumbani. Kwa hiyo: B-flati, G, E-flati, F, kisha B-flati. Mikao: 1, 4, 3, 1, 1. Tuba inapuliza hizo hizo oktava moja chini, na zote ziko ndani ya eneo la mwanafunzi. Kanuni yangu ni kwamba mwanzoni na katikati ya sentensi ya muziki nina uhuru wa kukata besi, lakini nota mbili au tatu za mwisho kabla ya kituo siziondoi hata kama ni ngumu. Badala yake nazirefusha.

Na ule mwendo kamili wa nusu pigo? Mpe saksafoni tenori. Ni mmoja, ndiyo, lakini kwake vidole vinafuatana vizuri, na mstari wake ukitembea juu ya mifupa ya tromboni na tuba utasikia besi ya Handel nzima, ingawa hakuna hata mmoja aliyeipuliza peke yake. Mchague kwa makini huyo mwenye tenori. Akikosa mazoezi siku mbili utajua.

Tuje kwenye violini zako. Usitafute "ala ya violini", haipo. Tafuta kazi iliyokuwa ikifanywa. Violini wakibeba melodia, hiyo ni ya fluti na klarineti ya kwanza. Wakirudiarudia nota moja kwa robo pigo, pale upinde unapokwenda na kurudi, hiyo ni nguvu ya upinde tu. Andika nota za nusu pigo, au hata za pigo moja zilizokatwa fupi. Upinde hauhitaji pumzi na ulimi unachoka. Na pumzi ziandike! Mpulizaji anayeanza ataivuta pale itakapomwishia, yaani katikati ya neno. Weka alama ya pumzi mwisho wa kila sentensi, na ikibidi fupisha nota ya mwisho kwa nusu pigo ili nafasi iwepo kweli. Muziki wa densi hautaumia. Wachezaji nao walinyanyua mguu hapo.

Klarineti tisa nisingewaweka wote kwenye melodia. Watano juu, wanne chini. Alto watano: watatu waimarishe melodia oktava moja na klarineti, wawili wajaze katikati. Tarumbeta, nne na mbili. Hizi siyo namba za msahafu, lakini bendi ambayo kila mtu anapuliza melodia husikika nene na tupu kwa wakati mmoja.

Sauti za katikati, nasema tena, ni zako, lakini uwe bahili: sauti moja ya kujaza, mbili zikizidi. Kwa kila kodi (siyo ile ya mapato, bali nota kadhaa zinazosikika kwa pamoja) besi anayo nota yake, melodia ana yake. Angalia ni nini kimekosekana, kwa kawaida ni nota ya tatu, ile inayosema kama kodi ni meja au maina. Iweke katikati, mahali pamoja, kwa watu wasiotetereka. Ukiigawia makundi matatu itakuwa nzito na itachacha, kwa sababu ndiyo nota ngumu zaidi kuityuni. Ukiiacha, muziki unakuwa kibuyu. Mimi niliwahi kupanga minueti na nota zote za tatu nikazikabidhi kwa honi peke yake, nikijisifu kwa rangi niliyopata. Siku ya onyesho mwenye honi akaugua. Tulipuliza minueti nzima ya kingo mbili bila ukuta, na wazazi wakapiga makofi kwa huruma. Tangu siku ile, kila nota muhimu ya honi naiandika kwa nota ndogo kwenye karatasi ya alto wa pili: "puliza kama honi hawapo".

Na honi zenyewe uwahurumie. Katika eneo wanalopuliza, nota za asili za bomba zimekaribiana mno, kiasi kwamba vali zile zile zinatoa nota mbili tatu jirani na mdomo peke yake ndio unaochagua. Kurukaruka kwao ni bahati nasibu. Wape mstari unaotembea kwa hatua, nota ndefu, ukifanana na alto wa pili ili wasikie wanakokwenda. Kwa Handel honi walikuwa mashujaa wenye mstari wao wenyewe. Watakuwa mashujaa mwaka wa tatu.

Trili za kwenye vituo, yaani kule kupishanisha nota mbili jirani kwa haraka pale sentensi inapotua, usiziandike. Lakini usiache nota tupu pia, maana pale ndipo ladha ilipo. Trili ya zama zile kwa desturi ilianza na nota ya juu, na nota hiyo ya juu ndiyo iliyouma kidogo dhidi ya besi kabla ya kulainika. Unaweza kuupata huo uchungu bila kutetemesha kidole. Kama Handel ana trili juu ya nota ambayo kwako ni C, kabla ya kutua B-flati, andika D kwa pigo moja, C kwa pigo moja, kisha B-flati. D isisitizwe, C iwe nyepesi. Zote ni nota za wiki ya kwanza, na msikilizaji atajua yuko karne ya 18.

Kwa nguvu na upole wa sauti, Handel amekufanyia kazi. "La Réjouissance" aliipanga ipigwe mara tatu: kwanza na tarumbeta, kisha honi na ala za mbao, mwisho wote kwa pamoja. Fuata mpango huo huo. Kwa bendi yako ni dawa, kwa sababu midomo ya tarumbeta wa mwaka mmoja haidumu dakika tatu mfululizo. Raundi ya pili wanapumzika, na ya tatu wanarudi wakiwa wazima. Pia wanafunzi wataisikia tofauti ya sauti kubwa na ndogo bila wewe kupiga kelele "kwa upole!", jambo ambalo kwa wanaoanza humaanisha tu kuishiwa pumzi na kushuka tyuni. Ila raundi ya pili, ya ala za mbao, huna besi zaidi ya tenori mmoja. Mwache mwenye tuba abaki naye, apulize kifupi na kwa upole. Handel alikuwa na basuni 12. Wewe una tuba moja, na hiyo si dhambi.

Ngoma: timpani wa zama hizo walikuwa familia moja na tarumbeta, na kwa kawaida walikuwa na nota mbili, ya kwanza na ya tano ya ufunguo. Kwako ni B-flati na F. Kama huna timpani, ngoma kubwa ipige mifupa ya besi pale tarumbeta wanapokuwepo, na ngoma ndogo ichukue zile nota za kurudiarudia ulizowanyima wapulizaji. Hapo ndipo robo pigo zote ulizokata zinapata makazi mapya. Matoazi yasubiri raundi ya tatu, tena kwenye vituo vikuu tu. Raundi ya pili, ngoma zote kimya.

Hukuniuliza kuhusu nyimbo nyingine, lakini najua ukifanikiwa na hii utataka zaidi. Kanoni ya Pachelbel ina besi ya nota nane tu inayorudiwa mara 28, na ukiishusha hadi B-flati inakuwa B-flati, F, G, D, E-flati, B-flati, E-flati, F: tromboni wataipenda, mwenye tuba ataiota. Juu yake chukua mzunguko wa nota ndefu na michache inayoufuata, kisha ukate; violini tatu za Pachelbel baadaye hukimbia sana. Rondo ya Purcell kutoka tamthilia ya "Abdelazer", ya mwaka 1695, iko D-maina. Ihamishie G-maina, andika tatu kwa nne badala ya tatu kwa mbili ili karatasi isiwatishe, na uwaandae kwa ile F-shapu, ambayo kwa klarineti ni G-shapu na kwa alto ni D-shapu. Hiyo ngoja mwaka wa pili.

Ile ninayokukataza ni Aria ya Bach kutoka suti ya tatu ya okestra. Kila mwalimu huiendea kwa kuwa ni ya polepole, na polepole hufikiriwa kuwa ni rahisi. Nota yake ya kwanza pekee inataka pumzi ambayo watoto hawana, na melodia yake imejaa vipande vidogo vya pigo ambavyo hata watu wazima huvihesabu kwa midomo. Uvertua (kipande cha ufunguzi) ya huo huo muziki wa fataki nayo iruke, ina nota za nukta za mtindo wa Kifaransa zinazokataa kukaa pamoja. Na fuga, ule muziki ambao sauti huingia moja baada ya nyingine kwa melodia ile ile, hapana. Kwenye fuga kila kundi linaingia likiwa uchi.

Kuhusu nota za kuanzia, muziki wa Handel ni huru kwa wote, ila toleo jipya lililohaririwa juzi au mpangilio wa mtu mwingine huenda si huru. Fanya kazi kutoka matoleo ya kale, kama lile la mhariri Chrysander la karne ya 19, na utakuwa salama.

Mwendo uwe wa kutembea kwa furaha, si wa mbio. Mapigo 96 kwa dakika yanatosha kuanzia, hata kama kanda unayoisikiliza inaruka. Na zoezi la kwanza la mpangilio mpya usianze na melodia. Wakalishe tenori, tromboni na tuba mbele, wapulize besi yao peke yao mwanzo hadi mwisho, wengine wote waimbe melodia kwa mdomo. Ukikwama kwenye kipimo chochote, niandikie tena, lakini niletee ile mistari miwili tu, si ukurasa mzima wa okestra.